Faiba ya Google kwa dola 70: kwa nini haijafika Mbezi, na ufanye nini

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu anaishi Kansas City, Marekani. Nyumbani kwake kuna faiba ya Google, analipa dola 70 kwa mwezi, kasi giga moja, bila kikomo. Mimi niko Mbezi Luis, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na kuwatumia wateja, na natumia bando la simu ambalo huisha kabla kazi haijamaliza kupanda. Google ina fedha nyingi, na nasikia ina mikongo ya baharini inayofika Afrika. Kwa nini isituletee na sisi majumbani? Na je, nisubiri au nitafute njia nyingine?

JIBU: Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalogusa riziki yako: usisubiri. Huduma anayotumia mdogo wako, Google Fiber, yaani intaneti inayosafiri kama mwanga ndani ya uzi wa kioo, imebaki ndani ya Marekani, na hata huko ni miji michache iliyoipata. Fedha walikuwa nazo, teknolojia walikuwa nayo. Kilichowashinda ni kipande cha mwisho cha waya, kile kinachoacha barabara kubwa, kikakata kona, kikaingia uani kwa mtu. Nitakueleza habari hiyo kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukiielewa utajua pia namna ya kuzivuta kampuni zilizopo Dar zije mtaani kwako.

Mdogo wako anakaa hasa pale mambo yalipoanzia. Februari 2010 Google ilitangaza kwamba inataka kujenga mtandao wa majaribio wa gigabiti 1 (megabiti 1,000) kwa sekunde, utakaofikia watu wasiopungua 50,000, ikaialika miji iombe. Wakati ule nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na kasi ya megabiti chache tu, kwa hiyo maombi yalimiminika: jamii zipatazo 1,100 ziliomba. Topeka, makao makuu ya jimbo la Kansas, ulijibadilisha jina ukaitwa Google kwa mwezi mzima wa Machi. Meya wa Duluth, mji wa jimbo la Minnesota, Don Ness, alijitosa kwenye maji ya baridi kali ya Ziwa Superior ili mji wake utazamwe. Machi 2011 ikachaguliwa Kansas City ya jimbo la Kansas, na miezi miwili baadaye ikaongezwa jirani yake, Kansas City ya jimbo la Missouri.

Miji hiyo miwili iliipa kampuni mambo ambayo kila anayejenga mtandao huyalilia: vibali vya haraka, ada zilizofutwa, na njia ya kufika kwenye nguzo za umeme. Upande wa Kansas hata shirika la umeme ni mali ya umma, hivyo mazungumzo ya nguzo yalikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye. Zingatia hilo, nitalirudia.

Julai 2012 bei zikatangazwa. Giga moja dola 70 kwa mwezi, na pamoja na televisheni dola 120. Kulikuwa na mpango wa tatu ambao kwangu ndio ulikuwa wa maana kuliko yote: megabiti 5 kwa sekunde bila ada ya mwezi kwa muda usiopungua miaka saba, mradi nyumba ilipe dola 300 za kuunganishwa. Ila mafundi hawakutumwa kila mahali. Google iliigawa miji hiyo katika vitongoji 202 na kuwaambia wakazi wajiandikishe, kila nyumba dola 10. Kila kitongoji kikapewa lengo lake, kati ya asilimia 5 na asilimia 25 ya nyumba, kufuatana na zilivyokaribiana. Palipobanana palitakiwa wachache, palipotawanyika palitakiwa wengi zaidi. Mwisho ulikuwa Septemba 9, 2012. Kitongoji ambacho hakikufikia lengo kilirukwa.

Sasa Kansas City ya Missouri ina barabara iitwayo Troost. Kwa miongo mingi barabara hiyo imekuwa mpaka: magharibi yake weupe na wenye nafasi, mashariki yake weusi na watu wa kipato cha chini. Uandikishaji ulipoanza, ramani ya Google iliuchora mpaka huohuo upya. Magharibi vitongoji vilifuzu kimoja baada ya kingine, mashariki vikabaki nyuma. Watu wa mashariki hawakuwa wameikataa intaneti. Kujiandikisha kulifanyika mtandaoni, kulitaka barua pepe na kadi ya benki. Nyumba isiyo na intaneti wala kadi ingejiandikisha vipi? Na mpangaji hakuweza kuamua peke yake bila mwenye nyumba. Ndipo walimu, wafanyakazi wa maktaba, watu wa makanisa na vikundi vya kujitolea wakaanza kupita mlango kwa mlango, wakieleza, wakiwaandikisha watu papo hapo, wengine wakilipiwa zile dola 10. Siku ya mwisho ilipofika, vitongoji 180 kati ya 202 vilikuwa vimefikisha. Novemba mwaka huohuo nyumba za kwanza zikaunganishwa.

Nimefanya kazi ya mitandao miaka mingi na bado nawaheshimu sana wale wajitoleaji wa mashariki ya Troost kuliko mhandisi yeyote wa mradi ule. Mpango wa kuandikisha watu kwanza una mantiki kwa mtu anayehesabu gharama, lakini ukiachwa peke yake huwapa huduma waliokwisha kuwa nayo. Walichofanya wale ni kuonyesha kwamba mtaa ukijipanga, hesabu ya kampuni hubadilika. Hilo ndilo nitakalotaka ulichukue.

Baada ya Kansas City mambo yalionekana kuteleza. Aprili 2013 ikatangazwa Austin, Texas; siku ileile kampuni ya AT&T nayo ikasema italeta giga Austin. Mwezi huohuo Google ikaununua mtandao wa faiba wa mji wa Provo, Utah, kwa dola 1, mtandao ambao mji ulikuwa umetumia dola zipatazo milioni 39 kuujenga. Januari 2015 zikaongezwa Atlanta, Charlotte, Nashville na Raleigh-Durham. Halafu kasi ikakatika.

Nenda Nashville uone. Kwenye nguzo moja ya umeme huko tayari kuna waya wa simu na waya wa televisheni. Anayekuja na faiba hawezi kuutundika hadi wenye waya za zamani wasogeze zao, kila mmoja kwa fundi wake na kwa ratiba yake. Na wenye waya hizo ndio washindani. Mwaka 2016 Google ililalamika hadharani kwamba nguzo zaidi ya 44,000 zilihitaji kazi hiyo na zilizokuwa tayari ni 33 tu. Baraza la mji likatunga sheria ndogo ya kuruhusu fundi mmoja asogeze waya zote kwa mara moja; AT&T na Comcast, wenye waya hizo za zamani, wakaishtaki Nashville, na mwaka 2017 mahakama ikaitengua sheria hiyo. Mwaka 2018 ndipo tume ya mawasiliano ya Marekani ilipoweka kanuni ya aina hiyo kwa nchi, lakini Google ilikuwa imekwisha kusimamisha upanuzi tangu Oktoba 2016, na bosi wa kitengo hicho, Craig Barratt, alikuwa ameondoka.

Louisville, Kentucky, ni funzo chungu zaidi. Ili kukwepa nguzo na gharama za kuchimba, Google ilijaribu mtaro mwembamba sana kwenye lami, wenye kina cha inchi mbili hivi, faiba ikalazwa humo na kufunikwa kwa gundi. Haikupita muda gundi ikaanza kuchomoka na waya kubaki nje barabarani. Februari 2019 kampuni ikatangaza kwamba inaondoka, na Aprili 15 huduma ikazimwa. Wateja walitafuta mtoa huduma mwingine, na Google ikakubali kuulipa mji dola milioni 3.84 za kutengeneza barabara. Kampuni yenye wahandisi bora duniani ilirudishwa nyuma na udongo, lami na magari yanayopita juu yake. Kina cha mtaro hakina njia ya mkato. Ukikataa kukilipia mwanzoni utakilipia baadaye, na pamoja nacho imani ya wateja.

Baadaye huduma ilifufuka. Tangu mwaka 2022 imekuwa ikipanuka tena, Mesa huko Arizona ikiwa miongoni mwa miji mipya, na bei ya giga moja ilikaa dola 70 kwa zaidi ya miaka kumi, jambo ambalo ni la kuheshimiwa. Hata hivyo unaona picha: nchi tajiri, kampuni tajiri, na bado ni mji mmoja mmoja.

Sababu iko kwenye jinsi faiba inavyojengwa. Uzi wenyewe wa kioo ni bei rahisi. Kutoka kwenye kituo cha kampuni unatoka uzi mmoja, unafika kwenye kisanduku mtaani, na humo mwanga wake unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Gharama iko kwenye mikono ya watu: kuchimba, kupasua zege, kupandisha waya nguzoni, kuunga nyuzi kwa mashine, kukata vibali, kurudishia barabara ilivyokuwa. Ukipita mbele ya nyumba 60 na zikajiunga 30, gharama ya njia inagawanywa kwa 30. Zikijiunga 4, hao wanne hawawezi kuilipia njia ile hata kwa miaka. Mwenye kampuni anapotazama mtaa wako, swali lake la kwanza ni hilo la wangapi watajiunga.

Sasa Afrika. Ulichosikia kuhusu mikongo ni kweli, ila jiografia yake ni muhimu. Equiano, mkongo wa Google wa baharini, umepita upande wa magharibi, kutoka Ureno hadi Afrika Kusini, hauji kwetu. Intaneti yako ya Dar inaingia kwa mikongo kama Seacom ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, ambayo si ya Google. Ndiyo hiyo iliyokatika kwa pamoja Mei 2024 na kuilemaza intaneti Tanzania na nchi jirani. Mei hiyohiyo Google ilitangaza mkongo wa Umoja, unaoanzia Kenya na kupita nchi kavu Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia, Zimbabwe hadi Afrika Kusini, kisha baharini hadi Australia. Tanzania haimo kwenye orodha hiyo ya nchi.

Na je, Google haijawahi kulaza faiba mjini kwenye ukanda wetu? Imewahi, Kampala. Novemba 2013 ilitangaza Project Link, ikajenga faiba ya mji ndani ya Kampala, baadaye ikaenda na miji ya Ghana. Lakini tazama ilivyouza: haikuuza kwa mwenye nyumba hata mmoja. Iliwakodishia kampuni za simu na watoa huduma wa intaneti njia ya pamoja, ili kila mmoja asichimbe mtaro wake. Mwaka 2017 kazi hiyo ikahamishiwa kwenye kampuni inayojitegemea, CSquared, ambayo wakati huo Google iliimiliki pamoja na wawekezaji Convergence Partners, IFC na Mitsui. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko walioufanya Marekani. Mgeni alijenga njia kubwa, na kipande cha mwisho akawaachia wenyeji wanaojua nyumba ya nani iko wapi na nani wa kuombwa ruhusa. Kama siku moja Google itagusa intaneti yako, itakuwa kwa mlango huo wa nyuma, na bili utaletewa na kampuni nyingine.

Kwa hiyo turudi Mbezi Luis. Uti wa mgongo upo: Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL, shirika la simu la serikali, na TTCL wenyewe wana huduma ya nyumbani waliyoiita Faiba Mlangoni Kwako. Kampuni binafsi nazo zinauza faiba katika sehemu za Dar. Usiende kwao peke yako kuuliza kama wanafika kwako, maana utajibiwa kwamba ombi lako limepokelewa na hapo ndipo litakapoishia. Fanya kama walivyofanya mashariki ya Troost. Andika orodha ya majirani wa barabara yako walio tayari kulipia, ukiweka jina, namba ya nyumba na kiasi ambacho kila mmoja anamudu kwa mwezi. Waingize wenye maduka, shule ya chekechea, zahanati, mwenye ofisi ya kuchapisha, kwa sababu hao hulipa bila kukosa na hutumia mchana wakati majumbani hamna watu. Wapangaji waje na kauli ya mwenye nyumba kwamba anaruhusu waya kuingia. Bila hiyo fundi atarudi na ngazi yake. Kisha mwombe mwenyekiti wa serikali ya mtaa aandike barua ya kuunga mkono. Barua hiyo inasaidia kampuni inapokwenda kuomba vibali, maana barabara za mitaa ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), Morogoro Road iko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu), na nguzo ni za TANESCO, shirika la umeme. Yale ya Nashville yanatupata na sisi kwa majina mengine.

Peleka orodha hiyo kwa kampuni zaidi ya moja na uwaambie kila mmoja kwamba wenzake wanayo. Uliona AT&T ilivyoamka Austin siku ileile Google ilipotangaza. Nyumba 20 zinazofuatana barabara moja zina uzito kuliko nyumba 60 zilizotapakaa kata nzima, kwa hiyo usihangaike na jirani wa mbali. Kaza barabara yako.

Kuhusu kasi, usiitamani giga ya mdogo wako. Tuchukue harusi moja yenye faili la gigabaiti 40. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde, litachukua karibu saa 9. Kwa megabiti 50, chini ya saa 2. Kwa megabiti 100, chini ya saa moja. Kwa giga moja, dakika 5 na ushee, mradi seva unayopelekea inaweza kupokea kwa kasi hiyo, na mara nyingi haiwezi. Filamu ya ubora wa juu kabisa kwenye televisheni haihitaji hata megabiti 30. Ukipata megabiti 50 za uhakika, kazi yako imepona.

Lakini hapo kwenye kupandisha ndipo nataka uwe mkali. Matangazo hutaja kasi ya kushusha. Google Fiber humpa mdogo wako kasi sawa kwenda na kurudi. Vifurushi vingi vya kwingineko hutoa kasi kubwa ya kushusha na ndogo ya kupandisha. Kwa mtazamaji wa filamu haina neno. Kwako wewe ndiyo ajira. Uliza: kupandisha ni megabiti ngapi? Kuna kiwango ambacho nikikivuka mwezi huo kasi inapunguzwa? Gharama ya kuunganishwa ni kiasi gani, na nikihama kifaa ni cha nani? Waya unapita nguzoni au ardhini?

Jambo la umeme halielezwi vya kutosha. Kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako, mtandao wa aina hii hauhitaji umeme njiani. Kile kisanduku cha kugawanya mwanga hakina hata swichi. Umeme wa mtaa ukikatika, kinachozimika ni vitu viwili vilivyo ndani kwako: kiboksi cha ukutani kinachopokea faiba, na rauta. Vyote viwili hula umeme kidogo sana, na betri ndogo ya rauta inaviendesha kwa saa kadhaa. Nunua hiyo siku ileile ya kuunganishwa, na kompyuta yako ikiwa na chaji kazi haitasimama.

Ndani ya nyumba, usimwache fundi afunge rauta sebuleni karibu na televisheni kwa mazoea, halafu wewe uhariri chumba cha nyuma. Kuta za tofali za saruji humeza wifi, hasa ile ya masafa ya juu yenye kasi. Mwambie avute waya hadi kwenye meza yako ya kazi na uchomeke kompyuta moja kwa moja. Faiba yenyewe isikunjwe kona kali wala kubanwa na msumari. Ikikunjwa sana mwanga unavuja, na utalalamika kasi imeshuka bila kujua kwamba sababu iko nyuma ya kabati.

Mwisho ni habari ya kukatika. Greda ya barabara, mchimbaji wa bomba la maji, lori refu lililonasa waya: mmoja wao atakukatia faiba siku fulani. Kabla ya kusaini, taka iandikwe kwenye mkataba ni muda gani wa juu wa kutengeneza na unarudishiwa nini ukizidi. Bando la simu libakize, dogo, kwa siku hizo. Ukishapata majibu ya maandishi kutoka kwa kampuni mbili au tatu, niletee. Tutayalinganisha pamoja kabla hujatoa hela.